Nani Ashike Ufunguo wa Stoo?

Nilipokuwa skauti kikosi chetu kilikuwa na mahema matatu, sufuria mbili kubwa, kamba ya katani na shoka moja. Ufunguo wa stoo alikaa nao mwalimu. Siku moja tulitoka kambini mvua imetunyeshea, tukayakunja mahema yangali yamelowa, tukayasukuma ndani, mlango ukafungwa. Muhula uliofuata mawili yalikuwa yameoza, ukiyavuta yanachanika kama karatasi. Hakuna aliyeulizwa, kwa kuwa hakuna aliyekabidhiwa.

Nimekikumbuka kisa hicho kwa sababu historia ya uskauti, tangu mwanzo, ni historia ya kukabidhi. Turudi Mafeking, Afrika Kusini. Mji huo ulizingirwa na Makaburu kwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Watu wazima walihitajika kwenye mahandaki, kwa hiyo wavulana wakapewa kazi ya kupeleka barua na ujumbe. Kiongozi wao alikuwa mtoto mwenzao, Warner Goodyear, mwenye umri wa miaka 13. Mwanzoni walitumia punda. Njaa ilipokaza punda wakawa kitoweo, na wavulana wakapanda baiskeli. Kanali Robert Baden-Powell, kamanda wa mji, aliona kwamba mtoto akiaminiwa hujituma.

Lakini tusimsifu mtu nusunusu. Kanali huyo ndiye aliyekuwa na amri juu ya ghala la chakula, na mgao haukuwa sawa. Wabarolong walisaidia kuulinda mji, na bado Waafrika ndio waliobanwa zaidi na njaa. Thomas Pakenham alimlaumu vikali katika kitabu chake cha mwaka 1979; Tim Jeal, mwaka 1989, alimtetea. Mimi naona hivi: lawama au utetezi, mwenye kushika ghala ndiye anayepimwa.

Agosti 1907 Baden-Powell alipeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Baadhi walitoka shule za matajiri, wengine walikuwa watoto wa kawaida wa miji ya jirani. Akawagawa makundi manne: Mbwamwitu, Mafahali, Kunguru na ndege wa pwani waitwao sululu, kila kundi na utepe wa rangi yake. Kila kundi, au patroli, liliongozwa na mvulana aliyebeba dhamana yote. Usiku kundi moja kwa zamu lilichukua unga, nyama, chai, chungu na kiberiti, likaenda kujipikia na kulala peke yake. Kiberiti kikilowa, hakuna mkubwa wa kulilia! Mwaka 1914 Roland Philipps aliuandikia kitabu mfumo huo wa patroli. Mwaka 1916 aliuawa vitani Ufaransa.

Uskauti ulifika kwetu mapema: Kenya mwaka 1910, Zanzibar mwaka 1912. Mfumo ni ule ule. Kila patroli ina mtunza vifaa wake, na kijana anayeongoza kikosi kizima ndiye mwenye kazi ngumu kuliko zote, maana patroli inayowahi huchukua shoka lenye makali na kuwaachia wenzao lile butu. Inampasa awe na daftari: nani kachukua nini, kikiwa katika hali gani, kakirudisha lini. Hema huanikwa kabla ya kukunjwa. Sufuria yenye masizi hairudi stoo. Na yeye mwenyewe achukue mwisho.

Sisi daftari hatukuwa nalo. Stoo ile ilipofunguliwa, shoka halikuwamo. Baada ya wiki likaonekana nyumbani kwa mwenzetu mmoja, limenolewa, limepakwa mafuta, mpini mpya. Alikuwa amelichukua kimya kimya akiogopa lisishike kutu. Alichapwa viboko vinne.