Mwalimu wa Bagamoyo aliyefika Berlin

Hapa Ihanda barabara kuu hailali. Malori yanapita usiku na mchana kwenda Tunduma kupanga foleni ya mpaka wa Zambia. Mpaka huo ulikubaliwa Berlin, tarehe 1 Julai 1890, kwa mkataba wa Wajerumani na Waingereza. Si Mnyiha wala Mnyamwanga aliyeulizwa.

Lakini wapo watu wa huku kwetu waliouona mji huo wa mto Spree miaka ileile. Amur bin Nasur wa Zanzibar alikwenda mwaka 1891 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Maofisa waliokuwa wanakuja kututawala ilibidi wajue kwanza namna ya kutoa amri (hayo ni maneno yangu, msimlaumu mtu). Akaandika kwa Kiswahili habari za mji alizoziona.

Anayeniuma zaidi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu kutoka Bagamoyo. Alifika Berlin mwaka 1900, naye akafundisha chuo hichohicho. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ya maandishi yale ni kazi yake, ila jina lililobebwa na jalada ni la Carl Velten. Sisi wa magazeti mchezo huo tunaujua: jua likuchome wewe, jina awekwe mwingine!

Mwaka 1904 Mtoro akamwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Walifunga ndoa hukohuko Ujerumani, ndoa halali kwa sheria. Mwaka 1905 wakapanda meli kuja Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka! Kosa? Mwanamke mzungu kuwa mke wa Mwafrika mbele ya macho ya watawaliwa. Jamani, yaani ndoa inakubalika Berlin, makao makuu ya dola yenyewe, halafu inakataliwa kwao bwana harusi! Na mwaka huohuo Maji Maji ililipuka, kwa hiyo naona serikali ile ilikuwa na mengine ya kuiogopesha kuliko maharusi wawili.

Wakarudi Ujerumani. Mtoro akaendelea kuishi kwa kufundisha na kutoa mihadhara juu ya nchi aliyokatazwa kuikanyaga. Alifia hukohuko mwaka 1927. Wakati huo Wajerumani wenyewe walikuwa wameshanyang'anywa koloni, na Tanganyika iko mikononi mwa Waingereza.