Mchora ramani wa Gwasi aliyeugeukia Mwezi

Mwalimu wa jiografia wa Rangwe, Homa Bay, hana haja ya picha ya kitabuni anapofundisha volkeno. Upande wa Ziwa Victoria uko Mlima Homa, na magharibi, kuelekea Suba, viko vilima vya Ruri na Gwasi. Gwasi ni ubavu uliosalia wa volkeno kubwa iitwayo Kisingiri, iliyokuwa hai takribani miaka milioni 20 iliyopita. Kitovu chake kinaitwa Rangwa, jina linaloweza kumpoteza mgeni aliyekuja kutafuta Rangwe. Majivu ya Kisingiri yalikifunika kisiwa cha Rusinga na kuhifadhi mifupa ya wanyama wa enzi hizo, likiwemo fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa kale, ambalo Mary Leakey alilipata mwaka 1948.

Habari za visukuku vya Rusinga zimeandikwa sana. Habari za mtu aliyechora ramani ya miamba ya Gwasi hazijaandikwa vya kutosha, ingawa kazi yake ilimfikisha mbali kuliko wengi.

Mtu huyo ni Joseph McCall, mwanajiolojia Mwingereza aliyeajiriwa na idara ya jiolojia ya serikali ya kikoloni ya Kenya miaka ya 1950. Ripoti yake kuhusu Gwasi, ya 45 katika mfululizo wa idara hiyo, ilichapishwa mwaka 1958. Kazi ya namna hiyo ni ya miguu: unapanda korongo, unavunja jiwe kwa nyundo, unaandika, unasogea. Aliingia pia Bonde la Ufa, akaichunguza Menengai karibu na Nakuru. Menengai ni kaldera, yaani volkeno ambayo juu yake imetitia baada ya magma kutoka chini. Shimo lake lina upana wa kilomita 12 hivi kwa 8, kuta zimesimama wima, na sakafu ni lava tupu.

Sasa mchukue mtu aliyekaa miaka ukingoni mwa mashimo kama hayo, umpe picha ya Mwezi. Ataona nini? McCall aliona kaldera. Mwaka 1965, akiwa tayari amehamia Australia Magharibi, alichapisha makala katika jarida la Akademia ya Sayansi ya New York akitetea kwamba mashimo ya Mwezi yafananishwe na kaldera za duniani. Hakuwa peke yake. Tangu karne ya 19 wataalamu wengi waliamini kwamba Mwezi ulitobolewa na volkeno zake wenyewe.

Upande wa pili wa mabishano alisimama Mmarekani Eugene Shoemaker. Yeye alisema mashimo hayo yalichimbwa na vimondo, asteroidi na nyotamkia zilizoanguka kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde. Ushahidi wake ulianzia Arizona, kwenye shimo la Barringer lenye upana wa kilomita 1.2 hivi. Mwaka 1891 mwanajiolojia mkubwa wa Marekani, Grove Karl Gilbert, alilichunguza shimo hilo akahitimisha kwamba ni mlipuko wa mvuke. Kinachochekesha ni kwamba Gilbert huyohuyo, miaka miwili baadaye, aliandika kwamba mashimo ya Mwezi yalitokana na migongano. Alipatia yaliyo mbali, akakosea yaliyo miguuni pake.

Lakini usimcheke upesi. Mlipuko wa mvuke huchimba shimo la duara kwelikweli, na watu wa Homa Bay wanalo la kuonyesha. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lenye umbo la sahani ambako heroe hushuka kula. Wenyeji husimulia kwamba kijiji kizima kilizama usiku mmoja kwa sababu kilimnyima bibi kizee makao na chakula, akaokoka mama mmoja tu aliyemkirimu pamoja na mumewe. Wanajiolojia husema magma ilikutana na maji ya ardhini, maji yakageuka mvuke ghafla, ardhi ikapasuka. Visa vyote viwili vinasema jambo lilitokea kwa kishindo. Ila kwa kutazama umbo peke yake, ukiwa ndani ya ndege, huwezi kuapa kwamba si kimondo kilichochimba pale.

Basi umbo halitoshi. Mwaka 1960 Shoemaker na wenzake, Edward Chao na Beth Madsen, walitangaza kwamba mawe ya shimo la Barringer yana koesiti, aina ya kwatsi iliyobanwa kwa shinikizo ambalo mlipuko wa volkeno haulifikii. Tangu hapo hoja ikahama kutoka machoni ikaenda kwenye hadubini. Kuanzia 1969 wanaanga wa Apollo walileta mawe ya Mwezi, na mengi yalikuwa vipande vilivyovunjwavunjwa kisha vikagandamana tena, alama za migongano mingi. Lava ipo Mwezini, tena nyingi, kwenye mabonde meusi. Mashimo mengi hata hivyo si yake.

McCall hakukimbia uwanja. Huko Australia Magharibi alishika kazi ya kuorodhesha vimondo vilivyohifadhiwa makumbusho, na mwaka 1973 akatoa kitabu kuhusu asili ya vimondo. Mwaka 2009, akiwa anakaribia umri wa miaka 90, alichapisha mapitio ya nusu karne ya utafiti wa mashimo ya migongano duniani. Kwangu mimi hilo linazidi kupatia mara ya kwanza.

Kenya haijathibitishwa kuwa na shimo hata moja la aina hiyo. La karibu zaidi liko kusini mashariki mwa Kongo, linaitwa Luizi, lina upana wa kilomita 17 hivi. Umbo lake la pete lilijulikana kutoka juu muda mrefu kabla halijathibitishwa mwaka 2011, baada ya Ludovic Ferrière na wenzake kufika wenyewe na kurudi na mawe yenye mipasuko ya umbo la pia, ambayo volkeno haiwezi kuitengeneza.