Mlima Ndani ya Chungu

Kuanzia Februari, baridi ikiwa bado haijakatika, wapenzi wa mimea ya milimani nchini Uingereza huanza msimu wao wa maonyesho. Jumamosi alfajiri magari huegeshwa nje ya ukumbi wa shule au kituo cha michezo cha mji wa kawaida tu, na kila mmoja hushusha vyungu vyake polepole, kama abebaye mtoto mchanga. Ndani ya vyungu mna Saxifraga, Androsace, Primula, Dionysia, Fritillaria. Mimea ambayo mingi haipiti urefu wa kidole. Hupangwa mezani kwa makundi, wenyewe huombwa watoke, na waamuzi hupita wakiinama chungu baada ya chungu. Kabla watazamaji hawajajaa, mmea mmoja katika ukumbi mzima huwa umeshatajwa kuwa bora na kupewa Medali ya Farrer. Fedha inayoshindaniwa ni kidogo mno, haiwezi kuwa ndiyo iliyowatoa watu vitandani usiku. Kilichowatoa ni desturi yenye historia ya karne nne, na katika historia hiyo, kwa maoni yangu, aliyeshinda ni fundi maskini mwenye chungu, wala si tajiri aliyejijengea mlima.

Tuanzie Vienna. Mwaka 1573 mtaalamu wa mimea Carolus Clusius aliitwa huko na Kaizari Maximilian II ili aiangalie bustani yake. Wakati huo watu wengi wa Ulaya waliiona milima kuwa mahali pa hatari na pasipo na faida. Clusius akaipanda. Alifika vilele vya Ötscher na Schneeberg, akachimba mimea, akaishusha bondeni na kuipanda bustanini. Mingi ikafa.

Sababu ya vifo hivyo ndiyo mzizi wa ufundi wote uliofuata, kwa hiyo inafaa kuelezwa. Mmea wa Alpi hulala miezi mingi chini ya theluji, na theluji hiyo huukinga: chini yake hakuna mvua, hakuna upepo, na baridi haipandi wala haishuki sana. Jua linaporudi, mmea huamka ghafla, hunywa maji yanayoyeyuka na kupita kasi kati ya mawe, huchanua na kuzaa mbegu katika majuma machache. Ukiupeleka bondeni unakutana na majira ya baridi yenye mvua isiyokoma na udongo unaotuamisha maji. Huoza shingoni, pale shina linapokutana na udongo. Baridi kali unaivumilia. Unyevu ndio unaouua.

Mmoja kati ya mimea iliyokubali kuishi bondeni ni aurikula, aina ya Primula yenye majani manene ambayo mara nyingi hupakwa unga mweupe na maumbile yenyewe. Ukaenea Ulaya magharibi, na Uingereza ulikuta watu walioungoja. Tayari mwaka 1631 mjini Norwich walikuwapo wakuza maua waliokuwa na karamu yao, na mchezo wa kuigiza uliandikwa kwa ajili ya siku hiyo. Kufikia karne ya 18 aurikula ilikuwa imeingia mikononi mwa wafumaji wa Lancashire na Cheshire, nao wakaifanya kuwa yao.

Wafumaji hao walifanya kazi nyumbani, kwenye vitanda vya mfumi vilivyosimama karibu na dirisha. Uwanja wao ulikuwa mdogo, pengine wa kutosha vyungu tu. Lakini walikuwa na kitu ambacho bwana mwenye shamba hakuwa nacho: walikuwapo mchana kutwa. Wingu likitanda, mfumaji aliacha uzi, akatoka kuvifunika vyungu, kwa sababu tone moja la mvua huchafua unga wa ua na kuliharibu kabla ya siku ya mashindano. Jua likizidi, alivisogeza kivulini. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtumishi aliyeamriwa. Hufanywa na mtu aliyeushika mmea moyoni.

Maonyesho yalifanyika katika vilabu vya pombe, na zawadi iliyosifika kuliko zote ilikuwa birika la shaba, ambalo lilitundikwa pale klabuni siku nyingi kabla ili kila mpita njia alione na kulitamani. Sheria zilikuwa kali. Ua lilitakiwa liwe duara na bapa, rangi zake zitengane kwa mistari safi, na pete nyeupe ya katikati isiwe na ufa. Kama kijiti cha kike kilichomoza mdomoni mwa ua, mmea uliondolewa bila mjadala. Wafumaji hawakuwa na shule ya botania, na walizipima tofauti ndogo kwa jicho lililozoea kuhesabu nyuzi. Aurikula zenye ukingo wa kijani au wa kijivu, ambazo hazikuwahi kuonekana mlimani, zilikuzwa na kuteuliwa na watu wa aina hii kizazi baada ya kizazi.

Wakuu walipita njia nyingine. Mwaka 1773 bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea, London, ilijengewa kilima cha mawe yaliyotoka katika ngome ya mjini humo, pamoja na mawe ya volkeno ambayo Joseph Banks alikuwa ameyaleta kutoka Iceland. Nia ilikuwa ya kisayansi. Baada ya hapo ikaja fahari. Katika karne ya 19 Lady Broughton alijenga, katika bustani ya Hoole House karibu na Chester, mfano wa milima ya Savoy wenye urefu wa mita kama 10, akaweka mawe meupe mahali pa theluji. Huko Chatsworth, Joseph Paxton alirundika majabali makubwa kwa ajili ya Duke wa Devonshire. Mwishoni mwa karne hiyo wakili Sir Frank Crisp alijenga mfano wa mlima Matterhorn huko Friar Park, Henley, nyumba ile ile ambayo baadaye ilinunuliwa na mwanamuziki George Harrison. Wageni walikuja kushangaa mawe. Mimea ilikuwa pambo la mlima, na si ajabu kwamba majengo hayo yalipopoteza wenye fedha, mengi yalimezwa na magugu.

Wachache waliuliza swali lenye maana zaidi: mmea wenyewe unataka nini? Anton Kerner, Mwaustria, alichapisha kitabu cha ukuzaji wa mimea ya Alpi mwaka 1864. William Robinson akafuata kwa Kiingereza mwaka 1870, akisisitiza kwamba mimea hii inaweza kuishi katika bustani za kawaida. Halafu akaja Reginald Farrer.

Farrer alizaliwa mwaka 1880 na kukulia Clapham, Yorkshire, chini ya mlima Ingleborough. Alizaliwa na kaakaa lililopasuka, akafanyiwa upasuaji mara nyingi, na hakusoma shuleni kama watoto wa tabaka lake. Utoto wake aliupitisha kwenye mawe ya chokaa nyuma ya nyumba yao. Akiwa na miaka 14 tayari alikuwa amejenga bustani ya miamba katika machimbo ya zamani. Kitabu chake cha 1907, My Rock Garden, kilibadili jinsi watu walivyoandika juu ya mimea midogo: aliipenda, aliisema, aliitukana ilipomfia. Inasimuliwa kwamba alijaza mbegu katika bunduki na kuzifyatua kwenye jabali asilolifikia ili ziote nyufani.

Dhidi ya milima ya fahari hakuwa na huruma. Katika utangulizi alioandika kwa kitabu cha rafiki yake E. A. Bowles mwaka 1914, aliwadhihaki matajiri wanaorundika mawe na kujaza rangi kati yake kama zulia. Crisp alijiona kuwa ndiye anayesemwa, akajibu kwa hasira kwa maandishi, na Ellen Willmott, mwanamke aliyejulikana sana katika bustani za wakati huo, akayagawa maandishi hayo kwa watu kwenye maonyesho ya Chelsea. Ugomvi wa watu wenye nafasi, utasema. Mimi naona palikuwa na jambo zito ndani yake: je, bustani ni ya kumtukuza mwenye nayo au ya kuuhifadhi mmea? Farrer hakuishi kuona jibu. Alikwenda Gansu, Uchina, na William Purdom mwaka 1914, kisha Burma ya juu, na huko akafa Oktoba 1920, mbali na kwao, akiwa na miaka 40.

Mwaka 1929 Alpine Garden Society iliundwa Uingereza, Sir William Lawrence akiwa rais wake wa kwanza. Waskoti wakaunda klabu yao mwaka 1933, Wamarekani wakafuata mwaka 1934. Medali ya chama cha Uingereza ikapewa jina la Farrer, ya Waskoti jina la George Forrest, mzaliwa wa Falkirk aliyekusanya mimea ya Yunnan kwa miaka 28 hadi kufa huko mwaka 1932. Jina la Zhao Chengzhang, kiongozi wa wakusanyaji wa kabila la Wanaxi waliopanda na kushuka majabali ya Yunnan kwa niaba ya Forrest, halikuwekwa kwenye medali yoyote. Ningefurahi siku litakapowekwa.

Hapa ndipo njia mbili zilipokutana. Vyama vipya vilichukua mimea ya milima mirefu ambayo wakuu waliipenda, vikaiweka katika chungu na juu ya meza, kwa kanuni zinazofanana na zile za wafumaji. Ukubwa wa chungu ukawa ndio kipimo: sentimita 36 kwa vikubwa, sentimita 19 kwa vidogo, na kundi la vyungu sita ndilo linaloheshimiwa zaidi. Wanaoanza wana sehemu yao, wa kati yao, na mabingwa yao, kwa hiyo mwalimu mwenye nyumba ya vioo ya mita chache uani hapambani tangu siku ya kwanza na mkongwe wa miaka 40. Waamuzi huuliza kama mmea una afya, kama umechanua sawasawa pande zote, kama ni mgumu kukuzwa, na kama umebaki na umbo la porini. Hili la mwisho ndilo lililowatenga na wafumaji. Mmea ulioneneshwa kwa mbolea, hata ukijaa maua, hupoteza alama.

Dionysia inaonyesha ugumu wenyewe. Mingi ya jamii hii hutoka kwenye majabali ya Irani na Afghanistan, chini ya vibanda vya mwamba ambako mvua haiangukii majani kamwe. Hukua kama mto wa kulalia, mgumu na wa duara, unaofunikwa na maua ya manjano au waridi hadi kijani kisionekane. Mkuzaji hukizika chungu cha udongo ndani ya mchanga na kuumwagilia mchanga wa pembeni, ili mmea upate unyevu kupitia ukuta wa chungu na shingo ibaki kavu. Hukigeuza chungu mara kwa mara ili mto usiegemee upande wenye mwanga. Maua yaliyokufa huyang'oa kwa kibano, moja moja. Miaka saba ya kazi hii inaweza kuishia katika juma moja la ukungu.

Lakini meza ina dhambi yake pia, na haifai kuificha. Tamaa ya kumiliki mmea adimu iliwamaliza wengi porini. Okidi ya Cypripedium calceolus ilichimbwa na kuuzwa hata wilaya ile ile aliyokulia Farrer, mpaka Uingereza nzima ikabakiwa na mmea mmoja wa asili uliojulikana, ukalindwa kwa siri huko Yorkshire. Viazi vya Cyclamen na vitunguu vya Galanthus vilichimbwa Uturuki kwa mamilioni. Henri Correvon wa Geneva alikuwa ameliona hili mapema. Mwaka 1883 alianzisha chama cha kulinda mimea, akawashawishi watu wapande mbegu badala ya kung'oa. Mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliosainiwa Washington mwaka 1973, ukaweka sheria pale ambapo ushawishi haukutosha. Leo vyama hubadilishana maelfu ya aina za mbegu kila mwaka, na mashindano yana makundi maalumu ya mimea ambayo mshindani aliiotesha mwenyewe kwa mbegu. Naamini hayo ndiyo makundi yenye heshima kubwa kuliko yote, hata yasipopata medali.

Msomaji wa Tanga anaweza kuuliza hadithi hii inamhusu nini. Inamhusu sana. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani mjini Tanga, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amechapisha kitabu cha kujifunzia Kiswahili, aliona kwenye miamba ya Usambara ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Aliupeleka mmea huo kwa baba yake Ujerumani, na Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen akaupa jina Saintpaulia mwaka 1893. Mwaka huo huo mmea ulipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ya Ghent, Ubelgiji, na ukawa miongoni mwa vitu vilivyozungumzwa zaidi. Mwaka 1946 Wamarekani walifanya onyesho la Saintpaulia peke yake mjini Atlanta, na chama chao cha kitaifa kikazaliwa kutokana nalo.

Huu ni mmea wa mwamba kama ile ya meza za Uingereza. Familia yake ina ndugu wanaoshindanishwa huko hadi leo: Ramonda wa Balkani na Pirenei, na Jankaea wa mlima Olimpo, Ugiriki. Tofauti ni kwamba Saintpaulia haijui theluji. Huishi kwenye nyufa zenye kivuli, na msitu ukikatwa juu yake, mwamba hukauka na mmea hufa pale pale. Aina nyingine zimebaki katika maeneo madogo sana, baadhi ndani ya hifadhi ya Amani na baadhi nje ya ulinzi wowote.

Duniani kuna mamilioni ya vyungu vya Saintpaulia madirishani, vyote vikitokana na milima yetu. Ningependa kuona meza ndefu zikipangwa Muheza na Lushoto, wanafunzi wakileta Saintpaulia walizozikuza kwa mbegu au kwa jani lililokatwa bustanini, wakileta na Streptocarpus na Impatiens za milima hiyo, na waamuzi wakiwa watu waliofanya kazi Amani maisha yao yote. Kanuni ya kwanza ya mashindano hayo ingekuwa nyepesi kuandikwa: mmea uliong'olewa mwambani hauingii ukumbini.