Upepo, Mafuta na Sahani ya Maji

Nilipokuwa kijana nilipata kibarua cha kusaidia katika zahanati moja ya kijijini. Umeme haukuwapo. Friji ya chanjo iliendeshwa kwa mafuta ya taa: utambi mdogo uliwaka chini, na baridi ikapatikana juu, jambo ambalo kwangu lilikuwa kama mazingaombwe. Siku moja Bwana Mganga alikuwa amekwenda wilayani. Niliona jua la alasiri likiipiga friji ile ubavuni, nikaona huruma, nikaisogeza kwenye kona yenye kivuli. Sakafu ya kona ile ilikuwa imetitia kidogo, nami sikulitilia maanani jambo hilo.

Baada ya siku mbili utambi ulikuwa ukiwaka kama kawaida, lakini ndani ya friji mlikuwa na joto. Chanjo zote zikatupwa. Siku ya kliniki ilipofika, akina mama waliotembea tangu alfajiri, watoto wakiwa mgongoni, wakarudishwa kwao. Bwana Mganga hakunigombeza. Alichukua sahani, akatia maji, akaiweka juu ya friji, akaniita nitazame maji yalivyojikusanya upande mmoja.

"Kijana," aliniambia, "mashine hii haina pampu. Ndani yake maji yanatembea kwa miguu yake yenyewe. Ukiiinamisha, yanakaa chini."

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kutazama usawa wa vitu. Ndiyo maana, msomaji, usishangae kwamba mzee wa umri wangu ameamua kuandika juu ya magari ya Wamarekani yenye vitanda na majiko ndani yake, na namna yanavyosimamishwa yakawa sawa. Kisa ni kile kile cha friji.

Friji za namna ile zilibuniwa nchini Sweden mwaka 1922 na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wa uhandisi mjini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters. Mwaka 1925 Electrolux ikaanza kuzitengeneza. Moto huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji. Amonia hupanda juu ikiwa mvuke, hupoa na kuwa kimiminika, kisha hushuka na kugeuka tena kuwa hewa mbele ya haidrojeni. Hapo ndipo hunyonya joto la chakula, au la chanjo. Mwisho hurudi ndani ya maji, na safari huanza upya. Hakuna kinachosukuma ila moto, na hakuna kinachorudisha ila mteremko wa mabomba. Maji hufuata mkondo, na mkondo ukipotoshwa, kazi husimama. Ikiachwa imeinama kwa muda mrefu huku moto unawaka, mabomba huungua na kuziba kwa ndani, na hapo friji haiponi tena.

Friji hiyo hiyo, ikitumia gesi ya mtungi badala ya mafuta ya taa, ndiyo iliyotiwa katika magari-nyumba ya Marekani. Magari hayo yalienea baada ya Winnebago, kampuni ya mji wa Forest City katika jimbo la Iowa, kuanza kuyatengeneza kwa wingi kiwandani mwaka 1966. Mtu angeweza kusafiri na nyumba yake, akalala popote alipopapenda. Lakini ardhi haikuumbwa kama sakafu ya saruji. Kila jioni msafiri alipaswa kushuka na vipande vya mbao, avipange chini ya magurudumu, apande, ashuke, arudi nyuma, huku mkewe akiwa ndani na pima maji akimwambia bado. Kazi ile ilivunja migongo na pengine ndoa. Watengenezaji wakatafuta njia nyingine, na njia zilizopatikana zilikuwa mbili: mafuta na upepo.

Njia ya mafuta ndiyo yenye ukoo wa zamani zaidi. Blaise Pascal wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1662, alieleza kwamba ukikisukuma kimiminika kilichofungiwa, msukumo huo hufika kila upande bila kupungua. Mwaka 1795 fundi Mwingereza, Joseph Bramah, akapata hataza ya mashine ya kugandamiza iliyojengwa juu ya kanuni hiyo. Pistoni ndogo ikisukumwa, pistoni nyingine yenye eneo mara kumi hunyanyua mzigo mara kumi. Malipo yake ni kwamba hunyanyuka sehemu moja tu ya kumi ya mwendo. Tipa linalomwaga kokoto na jeki ya mafuta ya fundi wa gereji ni wajukuu wa Bramah. Katika gari-nyumba, miguu ya chuma, mitatu au minne, hushuka kutoka kwenye chesisi, hukanyaga ardhi, na kuinyanyua nyumba mpaka iwe sawa.

Njia ya upepo ilipitia kwenye breki. George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo ya garimoshi mwaka 1869, na baadaye breki za upepo zikaingia kwenye malori na mabasi. Gari lenye breki hizo lazima liwe na kompresa na matangi. Kwa kuwa upepo ulikwisha kuwapo, haikuwa shida kuwaza kuutumia pia mahali pa springi za chuma. General Motors ilitia springi za upepo katika mabasi yake ya masafa mwaka 1953, na mwaka uliofuata likatokea lile basi la Greyhound lililoitwa Scenicruiser. Abiria walilala usingizi. Ila mwaka 1958 kampuni hiyo hiyo ilipozitoa springi hizo kwa wanunuzi wa magari madogo, zilivuja, na asubuhi mwenye gari aliweza kulikuta limekaa chini. Wengi waliziondoa wakarudishia springi za chuma, na biashara ile ikaachwa upesi. Basi lilikuwa na fundi wa kulikagua kila siku. Gari la nyumbani halikuwa naye.

Mwaka 1973 General Motors ilirudi na upepo kwa namna nyingine, katika gari-nyumba lililoitwa GMC Motorhome. Lilivutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo halikuwa na shafti chini ya sakafu, na sakafu yake ikawa karibu sana na ardhi. Nyuma lilikuwa na magurudumu mawili kila upande, moja nyuma ya jingine, na katikati yao mfuko wa mpira uliojaa upepo. Dereva akiwa kitini aliweza kuongeza au kupunguza upepo wa kila upande, akapandisha au kushusha nyuma ya gari. Mifuko ile ile iliyobeba safari ndiyo iliyosawazisha kambi. Gari hilo lilitengenezwa hadi mwaka 1978, zaidi ya 12,000, na wapo wanaoyatunza mpaka leo.

Niliziona njia hizi mbili zikiwa jirani, nilipokwenda Marekani kumtembelea mwanangu. Alituchukua kupiga kambi kando ya ziwa, na pale palikuwa na wazee wawili wastaafu, kila mmoja na nyumba yake ya magurudumu. Mmoja alikuwa wa upepo, mwingine wa mafuta, na walibishana kama mashabiki wa mpira.

Yule wa upepo alifika akabonyeza kitufe, gari likapumua kwa sauti, likainama hapa, likainuka pale, likatulia. Hakuwa na miguu ya chuma ya kubeba barabarani wala mafuta ya kumwagika. Lakini mtu akitembea ndani, nyumba nzima ilitikisika, kwa sababu bado ilikuwa imekaa juu ya springi zake. Usiku baridi ilishuka. Hewa iliyofungiwa ikipoa, msukumo wake hupungua, na pembe moja ikalala kidogo. Saa tisa za usiku tulisikia kompresa ikiunguruma ili kurudisha kilichopungua. Tena mifuko ile ina mwisho wake: kwenye mteremko mkali hurefuka ikafika kikomo, na gari hubaki limeinama.

Yule wa mafuta alichelewa kidogo. Kwanza alipanga vibao chini ya kila mguu, kisha miguu ikashuka, nyumba ikanyanyuka. Mafuta hayabanwi, kwa hiyo ilisimama kimya kama iliyojengwa pale. Lakini asubuhi, baada ya mvua, mguu mmoja ulikuwa umezama kwenye udongo laini pamoja na kibao chake. Nguvu ya mguu haikuwa imepungua hata chembe; ardhi ndiyo iliyokubali. Naye alinionya jambo ambalo sikulijua: katika magari mengi ya namna hii breki ya maegesho hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiyanyanyua magurudumu hayo yakaacha ardhi, umeondoa breki yako mwenyewe, na nyumba inaweza kuteleza kutoka juu ya miguu yake.

Nilikumbuka kwamba Wafaransa walikwisha kuupatanisha ugomvi huu zamani. Mwaka 1955, kwenye maonyesho ya magari ya Paris, Citroën ilionyesha gari la DS, kazi ya Paul Magès upande wa springi zake. Ndani ya matufe ya chuma aliifungia naitrojeni ili ikubali kubanwa, na mafuta yakapewa kazi ya kubeba uzito na kulinda kimo cha gari. Mwanzoni mafuta yale yalinyonya unyevu wa hewa na kuleta kutu, mpaka yalipobadilishwa mwaka 1966. Lakini wazo lenyewe lilidumu katika magari ya kampuni hiyo hadi mwaka 2017. Hata baadhi ya magari-nyumba makubwa sasa yana springi za upepo kwa safari na miguu ya mafuta kwa kambi.

Siku hizi magari-nyumba mengi mapya yana friji za umeme zenye kompresa, ambazo hazisumbuliwi sana na mwinamo. Hata zahanati nyingi zimepata friji za jua. Sababu ya kwanza ya kutafuta usawa inaondoka, lakini wale wazee wawili bado wangesawazisha, kwa sababu hakuna apendaye kulala damu ikimshukia kichwani.

Mwanangu aliniuliza mimi ningechagua ipi. Nilimjibu kwamba kwanza ningetazama ninapolala. Penye mwamba na siku nyingi za kukaa, mafuta. Pa kulala usiku mmoja na kuondoka, upepo. Kisha nikaingia ndani, nikachukua sahani, nikatia maji, nikaiweka mezani. Alicheka, akidhani ni uzee. Sikuwa nimepata kumsimulia habari za akina mama wale walioteremka kilima siku ile bila chanjo, nikiwa nimesimama mlangoni nikiwatazama migongo na watoto waliolala juu yake. Usiku ule nilimsimulia.