Uhifadhi wa uwezo wa kuzaa kwa wagonjwa wa saratani ya matiti
Uhifadhi wa uwezo wa kuzaa ni huduma inayompa mwanamke kijana mwenye saratani ya matiti nafasi ya kupata mtoto baada ya matibabu. Tibakemikali, hasa siklofosfamidi, huweza kuharibu ovari na kukomesha hedhi mapema. Kabla ya kuianza, ovari huchochewa kwa takriban wiki 2. Wakati huo, dawa ya letrozoli huzuia estrojeni isipande mno. Mayai huvunwa, kisha yenyewe au viinitete vinavyotokana nayo hugandishwa na kuhifadhiwa katika naitrojeni kimiminika, nyuzi −196 za Selsiasi. Wakati wa tibakemikali, sindano za goserelini husaidia kulinda ovari. Utafiti wa POSITIVE (2023) ulionyesha kuwa kusitisha tiba ya homoni kwa muda ili kubeba mimba hakukuongeza hatari ya saratani kurudi katika miaka ya mwanzo. Kila mgonjwa anastahili kuelezwa haya mapema.