Lugha Ipi Ilitangulia Kuandikwa?

Waamini hutuuliza kama Kiebrania ndicho kilichotangulia kuandikwa. La; maandishi yake ya zamani yanayojulikana ni ya karne ya 10 K.K. hivi. Ereku tunayoisoma katika Mwa 10:10, yaani Uruk nchini Iraki, imetoa vibao vya udongo vya takriban 3300 K.K. Tarehe hiyo ni makadirio: vingi vilikutwa katika kifusi cha kujazia misingi ya majengo ya baadaye, nao udongo wenyewe haupimiki umri kwa kaboni kama ubao au mfupa. Tena alama za awali zahesabu shayiri na mifugo pasipo kuonyesha matamshi, hata wataalamu hubishana kama ni Kisumeri. Vijibao vya mifupa na pembe vya kaburi moja la Abydos, Misri, vyakaribia sana umri huo.