Venice na Mlango Wake wa Maji

Mgeni akishuka kwenye garimoshi katika stesheni ya Santa Lucia, mjini Venice, hana haja ya ramani. Umati ulioshuka naye utamwonyesha njia. Watakata kushoto kupita Lista di Spagna, watavuka daraja la Guglie lenye minara minne midogo ya mawe kwenye pembe zake, wataingia barabara pana ya Strada Nova, watafika karibu na daraja la Rialto, kisha watapenya katikati ya maduka ya Mercerie mpaka uwanja wa San Marco. Ni mwendo usiozidi saa moja, na hakuna gari wala pikipiki ya kumsumbua mtu. Akifika mwisho wake, mgeni huamini kwamba amepita walimopita wenyeji wa mji huo kwa karne na karne. Ninavyoona mimi, sivyo. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilifanywa katika karne ya 19, baada ya dola ya Venice kufa, na anayeifuata anauzunguka mji kwa uani bila kujua kwamba ukumbi uko upande wa pili.

Nyumba zenyewe zinashuhudia. Tuitazame moja tu, Ca' d'Oro, yaani Nyumba ya Dhahabu, iliyojengwa na Marino Contarini katika karne ya 15. Uso wake umechongwa kwa mawe meupe, matao juu ya matao, na juu ya nguzo mna matundu yaliyokatwa kwa ustadi kama ya kofia iliyodariziwa. Zamani sehemu za nakshi hiyo zilipakwa dhahabu, ndipo jina likatokea. Lakini fahari hii yote imegeuzwa kuelekea Mfereji Mkuu, ule ambao wenyeji wanauita Canal Grande. Anayetembea Strada Nova anapita hatua chache tu nyuma yake na haoni kitu. Mlango wa nchi kavu uko ndani ya kichochoro chembamba, na pale ukuta ni ukuta tu. Contarini hakukosea hesabu. Wageni wake walikuja kwa mashua, na mizigo yake vilevile. Jumba la tajiri wa Venice lilikuwa na milango miwili, mmoja wa maji na mmoja wa nchi kavu, na kati yake ukumbi mrefu wa chini uliokatiza nyumba nzima. Bidhaa zilishushwa kwenye ngazi za mlango wa maji, zikawekwa ghala za chini, na wenye nyumba wakaishi juu yake, mahali penye hewa na mwanga. Mlango wa nchi kavu ulitumiwa na wapishi, wachota maji na watumishi waliotumwa sokoni, na mara nyingi haukupewa fahari kama ya uso wa majini.

Ramani nayo inasema hivyohivyo. Mwaka 1500 Jacopo de' Barbari alitoa picha kubwa ya Venice, iliyochongwa kwenye vibao sita vya mti na kupigwa chapa, ikiuonyesha mji kama unavyoonekana na ndege aliye angani. Katika picha hiyo Mfereji Mkuu unapinda katikati ya mji kutoka mwanzo hadi mwisho, na juu yake kuna daraja moja peke yake: Rialto, wakati huo la mbao, lenye kipande cha kati kilichoweza kuinuliwa ili merikebu zenye milingoti zipite. Daraja la mawe tunalolijua leo lilijengwa na Antonio da Ponte kati ya mwaka 1588 na 1591, na likabaki peke yake kwa zaidi ya miaka 260 mingine. Asiyetaka kuzunguka mpaka Rialto alivuka kwa traghetto, gondola ya kivuko yenye kituo chake, wapiga makasia wake na chama chao chenye kanuni zilizoandikwa. Vyama hivyo vilikuwa na nguvu, kwa sababu bila wao nusu moja ya mji isingefika kwa nusu nyingine. Mpaka leo, mtu anayepotea katika vichochoro vya Venice hukutana na kibao ukutani kilichoandikwa Calle del Traghetto, akakifuata, na ghafla mbele yake hamna njia ila maji. Hudhani amekosea. Zamani, hapo ndipo njia ilipoendelea.

Najua atakayepinga, na hoja yake ina uzito. Atasema kwamba watu wa Venice walitembea siku zote. Mercerie ilikuwa barabara ya maduka kabla Columbus hajasafiri, na picha hiyohiyo ya de' Barbari inaonyesha madaraja mengi madogo juu ya mifereji ya ndani. Katika karne za kati hata farasi walipanda na kushuka mjini humo. Usiku walikuwepo watu waliokodiwa kumulikia wapita njia kwa taa, wakiitwa codega, na mtu hakodi taa kama hatembei. Yote hayo nayakubali. Lakini tuulize walitembea kutoka wapi kwenda wapi. Mji ulikuwa na parokia takriban 70, nyingi zikiwa na kanisa lake, uwanja wake na kisima chake katikati ya uwanja, na watu wengi waliimaliza siku ndani ya eneo hilo. Visima hivyo havikuwa vya chemchemi. Vilikuwa mabirika ya mvua: shimo kubwa lililosiribwa udongo wa mfinyanzi, likajazwa mchanga wa kuchuja, na katikati bomba la matofali ambamo ndoo ilishuka. Kisima kilikuwa cha mtaa, na mtaa ulikijua. Miguu ilimtosha mtu kwa kisima, kanisa na jirani. Kwa safari ndefu, kwa mzigo, kwa heshima, alipanda chombo.

Na daraja lenyewe, lililounganisha mtaa na mtaa, lilikuwa mpaka kuliko lilivyokuwa njia. Karibu na San Barnaba lipo Ponte dei Pugni, Daraja la Ngumi. Juu yake zimepachikwa alama nne za nyayo, za mawe meupe, mahali walipoanzia wapiganaji. Makundi mawili ya mji, Castellani na Nicolotti, yalikutana kwenye madaraja kama hilo na kupigana wakigombea kulishika, na kwa kuwa madaraja hayakuwa na kingo pembeni, walioshindwa walitumbukia majini. Serikali ililipiga marufuku pigano hilo mwaka 1705. Maji yalitenga watu hata kwa ukatili zaidi: mwaka 1516 Wayahudi waliamriwa kuishi katika kisiwa kimoja cha mtaa wa Cannaregio, kiitwacho Ghetto, milango ikifungwa usiku na boti za ulinzi zikizunguka mifereji yake. Kisiwa kiliweza kufanywa kifungo kwa sababu mji ulikuwa bado mkusanyiko wa visiwa, zaidi ya 100, ambavyo kila kimoja kilikuwa na uhai wake.

Upande wa nchi kavu ulikuwa pia mahali pa kazi, hasa ya wanawake, na hapa historia ya vichochoro vya Venice inaigusa pwani yetu. Katika karne ya 19, mitaa maskini ya Castello na Cannaregio ilijaa watunga shanga, impiraresse, waliokaa nje ya milango yao ili wapate mwanga. Kila mmoja alipakata chano cha mti kilichojaa ushanga mdogo, akashika mkononi sindano ndefu kadhaa zilizotandazwa kama upepeo, akazichota ndani ya ushanga mpaka sindano zote zikajaa, kisha akasukuma shanga kwenye nyuzi. Sehemu kubwa ya shanga zilizouzwa Zanzibar na kubebwa na misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji zilitoka huko. Ile nyekundu iliyoitwa samesame, ambayo msafiri Mwingereza Richard Burton aliitaja katika maelezo ya safari yake ya 1857 hadi 1859, ilikuwa ya Venice. Mpagazi aliyebeba mizigo ya mitungo hiyo hakumjua mwanamke aliyeitunga, wala mwanamke hakujua ushanga wake ungenunua nafaka gani na wapi. Ujira wa watunga shanga ulikuwa duni kiasi kwamba mwaka 1904 waligoma. Nalitaja hili kwa sababu ninaposema njia za miguu zilikuwa uani, sina maana kwamba hazikuwa na thamani. Uani ndiko kazi ilikofanyika.

Kilichougeuza mji ni reli. Dola ya Venice ilijisalimisha kwa Napoleon tarehe 12 Mei 1797, na kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata, hadi 1866, mji ulikuwa chini ya Austria. Mapema mwaka 1846 lilifunguliwa daraja la reli lenye matao 222, likaunganisha Venice na bara. Tangu siku mji ulipoanza, kila aliyeingia aliingia kwa chombo. Sasa alishuka kwenye behewa akiwa na mzigo mkononi na miguu yake miwili. Mambo mengine yalifuata upesi. Mwaka 1854 likajengwa daraja la chuma penye chuo cha sanaa cha Accademia, mwaka 1858 jingine mbele ya stesheni, yote mawili kazi ya mhandisi Alfred Neville. Mfereji Mkuu uliovukwa kwa daraja moja kwa karne nyingi ukawa na madaraja matatu ndani ya miaka minne. Mifereji midogo ikafukiwa mmoja baada ya mwingine. Jina lenyewe linaungama: popote ukisoma rio terà, maana yake ni mfereji uliojazwa udongo, na katika ile njia ya mgeni wetu zimo San Leonardo na Maddalena. Baada ya Italia kuutwaa mji, nyumba za Cannaregio zilibomolewa ili kupitisha Strada Nova, iliyokamilika mwaka 1871. Barabara hiyo ilipasuliwa katikati ya watu ili stesheni ipate njia ya kufika Rialto.

Hapa kuna hoja ya pili, nayo haipaswi kupuuzwa. Mifereji iliyofukiwa ilikuwa inanuka, kuichimba upya kila mara kulikula fedha, na dola yenyewe iliwahi kufukia baadhi kabla haijaanguka. Mji uliokuwa umefukarika, ambao biashara yake ya bahari ilihamia bandari ya Trieste, ulihitaji reli ili uishi. Bomba la maji safi lililofika mwaka 1884 liliokoa maisha ya watu. Na mwaka 1881 vilianza vyombo vya mvuke kubeba abiria kwenye Mfereji Mkuu, hata waendesha gondola wakagoma, kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba maji hayakuachwa. Sipingi manufaa. Nisemalo ni kwamba tukisifu manufaa tusichanganye tarehe. Kisima kilipofunikwa kwa kifuniko cha chuma, uwanja ulipoteza sababu ya watu kukutana kila asubuhi. Chombo cha mvuke kilimpitisha abiria mbele ya milango ya maji, lakini hakikusimama hata kwenye mmoja wa milango hiyo. Kilisimama kwenye gati la umma, na abiria akaendelea kwa miguu. Milango ikabaki imefungwa, ngazi zake zikaota majani ya bahari. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya mji huu tangu kujengwa kwake, na mgeni anapita juu yake akidhani anakanyaga zama za kale.

Gharama yake inaonekana leo. Mwaka 1951 mji wa visiwani ulikuwa na wakazi takriban 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000, na tangu 2024 mgeni wa kutwa hutozwa ada kwa siku fulani za mwaka. Msongamano huo haugawanyiki sawa. Unafuata mstari uleule uliochorwa kwa ajili ya abiria wa reli, kutoka Santa Lucia hadi San Marco, wakati nyanja za nyuma ya Castello, mtaa wa pili tu, ziko kimya kiasi cha kusikia mtu akisukuma mkokoteni. Wanaosema mji umejaa wako sahihi. Ila naongeza kwamba kilichojaa hasa ni njia moja ya karne ya 19.

Kwa hiyo, msomaji utakayejaaliwa kufika huko, fuata umati mpaka Strada Nova kama wengine, lakini ukifika Santa Sofia uachane nao. Kata kulia kwenye uwanja mdogo, nenda mpaka ukingo wa maji. Hapo kuna kivuko cha gondola kinachoelekea soko la Rialto, chenye wapiga makasia wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kuvuka ni dakika chache. Mkifika katikati, geuka uangalie ulikotoka: jumba jeupe lenye matao, lililo karibu kabisa na uwanja uliouacha, ni Ca' d'Oro.